Bango la Delphine

Delphine Purvis alikuwa amepiga magoti kwenye kiti cha nyuma cha Buick yake kuukuu, ameng'ata mkanda wa gundi kwa meno, anabandika mfuko wa takataka mahali palipokuwa na kioo cha dirisha. Kioo chenyewe kilivunjwa na jiwe lililorushwa na tairi la lori la soya huko barabara kuu. Fundi alipotaja bei ya kioo kipya, Delphine alicheka, akamwambia asante baba, akaondoka zake. Tangu siku hiyo ni mifuko tu. Gari likikimbia kidogo, mfuko unapiga makelele kama kuku aliyekamatwa, na mvua ya Februari ikija kwa ubavu, mtoto anaoga.

"Mama, maji," alisema Jakayla, aliyekuwa amefungwa mkanda kwenye kiti chake cha mtoto. Alikuwa na miaka mitatu na mafua ya wiki nzima.

"Naona, mama. Vumilia. Leo mkanda huu ni ule mzito."

Ulikuwa mzito kweli, lakini mkanda hauwezi ugomvi na mvua ya bonde hili la Delta. Walipofika Chuo cha Jamii cha Tallow Bend, upande mmoja ulikuwa umekwisha kubanduka na bega la Jakayla limelowa. Delphine alimfuta kwa mtandio wake. Mwenyewe alikuwa amevaa sare ya buluu ya uuguzi, imepigwa pasi, na mfukoni mkasi wa kukatia bandeji, maana saa saba mchana alitakiwa wodini kwa mazoezi. Mazoezi hayo hayana mchezo. Ukikosa mara tatu unaondolewa kwenye darasa la uuguzi, na yeye alikwisha kukosa mara mbili, zote mtoto akiwa na homa. Ilibaki miezi mitatu amalize. Miezi mitatu tu, halafu buriani kiwanda cha kambare, buriani visu na matumbo ya samaki kila Ijumaa hadi Jumapili.

Langoni pa chuo, kwenye uzio, kulikuwa na bango jipya la turubai. Lilikuwa na sura yake. Delphine mkubwa kama mlango wa ghala, anacheka, kambeba Jakayla mkono mmoja na kitabu kinene mkono wa pili. Kitabu hicho walimwazima kwa ajili ya picha, wakakichukua picha ilipokwisha. Chini yake maandishi ya dhahabu: MPANGO WA MKONO KWA MWANAFUNZI. JIMBO ZIMA PAMOJA NAWE. HAKUNA MZAZI ATAKAYEACHA SHULE.

"Mama, wewe yule!"

"Mimi huyo," alisema Delphine. "Tena pale huna mafua."

Kituo cha kulelea watoto wa wanafunzi kilikuwa nyuma ya maktaba, na siku zote mlango ulikuwa wazi kabla hujagonga. Leo Bi Earnestine alikuwa amesimama kizingitini, ameuziba mlango mzima kwa mwili wake. Mama huyu mlezi alikuwa mwimbaji wa sauti ya chini kanisani Mount Olive, na alimpenda Jakayla hata akawa anamsuka nywele bila kuombwa. Leo hakumtazama mtoto.

"Delphine, mwanangu. Ngoja kwanza."

"Kuna nini, Bi Earnestine? Mnapaka rangi?"

"Jina la Jakayla limetoka."

"Limetoka kwenda wapi?"

"Kwenye mfumo. Nimefungua mashine asubuhi, inaniambia huyu mtoto si wa hapa. Wewe sasa una masomo matatu. Mpango unataka manne. Manne ni mwanafunzi kamili, matatu ni nusu."

Delphine alihisi masikio yakiwaka moto. Alijua hesabu hiyo, na alijua ilikotokea. Muhula ulipoanza alijiandikisha masomo manne, la nne likiwa Kuzungumza Mbele ya Watu. Walihudhuria kipindi kimoja tu. Darasa lilikuwa na wanafunzi saba, chuo kikasema wakiwa chini ya kumi halilipi, kikalifuta. Mwalimu alilia, akawaaga. Masomo mengine yalikuwa yamekwisha kujaa.

"Lakini si wamelifuta wenyewe? Mimi sikuacha kitu!"

"Najua."

"Basi mchukue leo tu. Leo tu, nakuomba. Saa saba niko wodini."

Bi Earnestine alisogea karibu, akashusha sauti. "Siku nyingine ningemwingiza kimyakimya akacheza na wenzake, nani angejua? Lakini leo wametoka mji mkuu kwa ajili ya hiyo sherehe yenu ya Mpango. Wakaguzi wawili wamo humu ndani wanahesabu vichwa kama kondoo. Wakikuta kichwa kimoja kimezidi, wananifungia kituo, na nina watoto wa wenzako ishirini." Machozi yalimlengalenga. "Nenda kwa Bwana Gaddis. Yeye ndiye mratibu. Yeye ndiye mwenye mdomo."

Mdomo alikuwa nao. Bwana Gaddis alikuwa mtu wa hapo hapo, alisoma shule moja na mjomba wa Delphine, alikuwa na bakuli la peremende mezani na tai yenye rangi za chuo. Alipomwona Delphine alisimama, akapiga makofi.

"Sura yetu! Umeliona bango? Na umekuja na sare, safi kabisa! Picha zitatoka nzuri. Na huyu binti naye? Chukua pipi, mrembo."

"Bwana Gaddis, mtoto amefukuzwa."

"Hapana, hapana. Sisi hatumfukuzi mtu." Alikaa, akageuza kioo cha kompyuta, akasoma, akakuna kidevu. "Ah. Ndiyo. Kwa sasa umekosa sifa."

"Nani alifuta somo langu?"

"Chuo."

"Na nani ananiadhibu?"

"Hakuna anayekuadhibu, Delphine. Sheria ya mpango imeandikwa mji mkuu. Mimi ni mtekelezaji tu."

"Basi waandikie kwamba kosa ni la chuo."

"Rufaa ipo, tena utaratibu wake ni mzuri sana. Inachukua siku thelathini."

"Mimi nazungumzia saa saba ya leo! Nikikosa leo naondolewa uuguzi. Unanielewa? Naondolewa."

Bwana Gaddis alitazama mlango, akaufunga. Aliporudi, sauti ilikuwa imebadilika, imekuwa ya mtu na shemeji yake.

"Sikiliza. Saa tano si ndiyo unazungumza pale hemani? Dakika tatu tu, kama tulivyopanga. Zungumza vizuri. Wakubwa wakifurahi, mambo yanalainika. Ukishuka tu jukwaani, nachukua simu, napiga mji mkuu mimi mwenyewe. Kabla ya saa saba mtoto yuko na Bi Earnestine."

"Unaniahidi?"

"Delphine. Wewe ni sura ya mpango huu kwa jimbo zima. Nitakuangushaje?"

Alivishwa kilemba cha ukoka, na alikijua. Lakini mwenye shida hachagui kilemba. Alichukua karatasi ya hotuba aliyoandikiwa, akamshika mtoto mkono, akatoka.

Keosha Lyles alimkuta kwenye ukumbi wa chakula, akimlisha Jakayla mkate wa mahindi wa jana. Keosha alikuwa mwenzake wa uuguzi na wa kiwandani pia, mtu asiyeweza kunong'ona hata msibani. Alisikiliza habari yote mdomo wazi.

"Nusu mwanafunzi? We shoga, wakupe na nusu ya mtihani basi!"

"Usinichekeshe, nitalia."

"Lia. Halafu panda pale jukwaani uwaambie ukweli wao, mbele ya kamera. Waache wasonye."

"Nikishawaambia, nani atanishikia mtoto saa saba? Ukweli?"

Keosha alitoa simu, akaitazama, akairudisha mfukoni. Mama yake mwenyewe alikuwa zamu ya kiwandani hadi jioni, na majirani wote wa Delphine walikuwa huko huko kwenye visu. Delphine alikwisha kumpigia kila mtu aliyemjua. Shangazi yake aliye Memphis alimwambia atamwombea. Sala aliipokea, lakini Memphis ni mbali.

"Gaddis ameahidi," alisema Delphine.

"Gaddis!" Keosha alisonya sonyo refu. "Yule alimwahidi mjomba wako kumrudishia mashine ya kukatia majani tangu sisi tuko chekechea."

Hema lilikuwa jeupe, limewekwa viti vyenye vitambaa. Pembeni kambare walikuwa wanakaangwa, harufu imejaa uwanja mzima, na wanafunzi walikuwa wamepanga foleni nyuma ya kamba kusubiri wageni wale kwanza. Kulikuwa na watu wa mji mkuu wenye makoti ya mvua ya bei kubwa, kulikuwa na mchungaji, kulikuwa na kamera. Bwana mmoja alizungumza muda mrefu juu ya takwimu. Kwamba mpango umefika kila chuo cha umma cha jimbo. Kwamba kuna akiba ya chakula, nauli, ushauri wa afya ya akili, na malezi ya watoto. Kila jambo alilolitaja watu walipiga makofi. Akiba ya chakula ya Tallow Bend ilikuwa kabati moja, na Delphine alijua leo limejazwa, kwa sababu jana lilikuwa na mahindi ya kopo na miswaki.

Akaitwa. Alipanda na Jakayla kiunoni, kwa kuwa hakuwa na pa kumweka, na hema zima likasema aaa, wakidhani imepangwa hivyo.

Kipindi kile kimoja cha Kuzungumza Mbele ya Watu kilimfundisha mambo matatu. Pumua. Watazame watu machoni. Usisome. Akapumua, akawatazama. Mstari wa mbele kabisa alikaa Bwana Gaddis, mikono magotini, anaitikia kwa kichwa kumtia moyo. Simu yake ilikuwa mfukoni mwa shati, inaonekana. Delphine aliitazama ile simu.

"Naitwa Delphine Purvis," alisema. "Nasomea uuguzi. Nalea peke yangu." Hapo karatasi ilisema atabasamu, akatabasamu. "Watu huniuliza ninawezaje. Nawaambia, kila asubuhi namwacha binti yangu mikono salama, hatua chache tu kutoka darasani kwangu. Bila Mkono kwa Mwanafunzi, mwanangu leo angekuwa wapi?"

Jakayla alipiga chafya. Watu wakacheka kwa upendo, wakasimama, wakapiga makofi. Nyuma ya kamba Delphine alimwona Keosha amekunja mikono, hapigi. Aibu ilimpanda Delphine, nzito kama shombo ya samaki ambayo hata uoge vipi inabaki kwenye kucha. Alikuwa amewadanganya watu, wakubwa kwa wadogo, kwa mdomo wake, na amedanganya vizuri. Mwalimu wake angempa alama zote.

Kabla hajashuka vizuri, mama mmoja mwenye miwani myekundu alimnyakua Jakayla, akambeba kuelekea kamera. Alikuwa Bi Lorraine Tisdale, mkubwa kutoka ofisi kuu ya mpango. "Na huyu ndiye mwenyewe! Huyu ndiye tunayemfanyia kazi!" Taa zikamulika. Jakayla alijifuta kamasi kwenye koti la Bi Tisdale, na Bi Tisdale akaendelea kucheka, maana kamera zilikuwa bado zinapiga.

"Mama," alisema Delphine akimpokea mtoto, "huyu mtoto hana nafasi tangu leo asubuhi. Ametolewa. Chuo kilifuta somo langu, mpango ukanitoa."

Bi Tisdale alimwekea mkono begani. Mkono ulikuwa wa joto. "Umezungumza vizuri mno, mpenzi wangu. Kuna Bwana Gaddis hapa, ni mtu mzuri sana. Mwambie yeye." Akageukia sahani aliyoletewa.

Bwana Gaddis alikuwa kwenye meza ya keki. Delphine alisimama mbele yake mpaka akameza.

"Umepiga?"

"Nimepiga! Nimepiga mara mbili." Alifuta mdomo. "Hapokei mtu. Ofisi nzima imekuja huku."

"Si hawa hapa sasa! Mwite yule mama."

"Bi Tisdale ni wa uhusiano na umma. Sifa za wanafunzi ni dawati jingine kabisa."

"Na mtu wa dawati hilo yuko wapi?"

Bwana Gaddis alinyoosha uma kuelekea kituo cha watoto. "Ndio wale wakaguzi. Lakini leo wamekuja kwa kazi ya ukaguzi. Siwezi kuwachanganyia kazi, Delphine, itaonekana vibaya. Jumatatu. Jumatatu asubuhi mimi na wewe tunaketi na rufaa yako."

"Uliniahidi saa saba."

"Nilisema nitapiga simu, na nimepiga." Sasa na yeye alikuwa amekasirika, kama wanavyokasirika watu wanaodaiwa haki. "Unajua wangapi wangependa kuwa kwenye lile bango? Tushukuru basi hata kidogo. Shukrani ya punda si mateke?"

Delphine alifungua mdomo. Maneno yalikuwepo, mengi, ya kiwandani, ya kumwosha mtu hadharani mbele ya mchungaji wake. Lakini saa kwenye mnara wa maktaba ilikuwa inaonekana juu ya bega la Gaddis, na alikuwa na mtoto kiunoni wa kukimbia naye. Akakimbia.

Mlango wa kituo ulikuwa umefungwa, wakaguzi ndani wanapiga picha vyoo. Bi Earnestine alimwona kupitia kioo, akaweka kiganja kwenye kioo, akatikisa kichwa. Pale maegeshoni Keosha alikuwa anawasha gari lake kuelekea hospitali.

"Njoo naye! Tutamficha chumba cha mashuka!"

"Nimfiche mtoto wa mafua huko, awaambukize wagonjwa? Wodi ya wazee ile, Keosha."

Keosha aliwaza, akapiga usukani ngumi. "Shenzi zao wote," alisema, na machozi yakamtoka. "Nitamwambia Bi Crume umechelewa. Nitadanganya mpaka nikauke koo." Akaondoka.

Bi Crume, mwalimu wa wodini, alipiga simu saa saba na dakika chache. Delphine alikuwa amekaa kiti cha mbele, mlango wazi, Jakayla amelala mapajani mwake mdomo wazi kwa sababu ya pua iliyoziba.

"Delphine, uko njiani?"

"Sina wa kumwachia mtoto, mwalimu."

"Hii ni ya tatu."

"Najua."

"Wewe ni mwanafunzi wangu bora, na nisingependa kusema hivi. Ni sheria ya bodi ya jimbo, si yangu. Utaomba upya mwaka kesho. Na yale mazoezi uliyokwisha kufanya yanaanzia moja."

"Haya, mwalimu."

"Kwani mpango wa watoto haukusaidii? Nimekuona kwenye bango asubuhi, nikafurahi kweli."

Delphine alikata simu. Hakulia, machozi yalikataa kuja. Aliwaza Ijumaa, na Ijumaa ilikuwa kesho, na buti za mpira na aproni na meneja anayemwita Daktari kwa kejeli. Mwaka mzima wa kuitwa Daktari. Mvua ikaanza tena, kwanza matone mazito juu ya paa, halafu yote kwa mkupuo. Nyuma yake mfuko wa takataka ulibanduka kona zote, ukaruka, ukaenda zake uwanjani kama mtu aliyechoka kazi. Maji yakaanza kuingia kwenye kiti cha mtoto.

Alikaa anayatazama yakiingia. Halafu akainua macho, akaliona bango.

Alimlaza Jakayla kiti cha mbele, akamfunika koti. Akaliendesha gari mpaka kwenye uzio, akashuka kwenye mvua, akatoa mkasi wa bandeji mfukoni. Mkasi mzuri ule, ncha butu ili usimchome mgonjwa, makali yake yanakata ngozi ya kiatu. Kamba ya kwanza ikakatika, tak. Ya pili. Turubai likaanza kuinama, sura yake mwenyewe ikamwinamia ikicheka.

"Dada Delphine!" Alikuwa Cleotha, mtunza uwanja, amebeba rundo la maputo yaliyolowa. "Unafanya nini? Hiyo ni mali ya jimbo hiyo."

Delphine aligeuka, nywele zimemgandia usoni. "Cleotha, nitazame mimi. Halafu mtazame huyu. Kati yetu jimbo linamtunza nani?"

Cleotha alimtazama yeye, akalitazama bango, akatazama kiti cha nyuma kinavyolowa. Akawatazama wageni waliokuwa bado hemani wanakula.

"Mimi macho yananisumbua tangu asubuhi," alisema. "Sioni kitu." Akaondoka na maputo yake. Baada ya hatua chache akageuka. "Funga mkanda kwa ndani na nje. Kwa nje peke yake haushiki."

Bango lilikuwa kubwa mno kwa dirisha. Delphine alililaza juu ya boneti, akakata. Maandishi ya dhahabu aliyaacha kwenye matope, pamoja na kitabu kile cha kuazima. Alibakisha kipande chenye sura yake na ya mtoto. Alikausha kingo za dirisha kwa mtandio, akabandika kwa ndani na nje, akavuta turubai mpaka likakaza kama ngoma. Halikutikisika. Lilikuwa turubai zuri, la fedha nyingi.

Jakayla alikuwa ameamka. Delphine alikausha kiti chake, akamfunga mkanda.

Pale langoni msafara wa mji mkuu ulikuwa unatoka, magari meusi yamewasha taa. Delphine alisimama kuwapisha. Gari la pili lilipunguza mwendo, kioo kikashuka, ikatokea miwani myekundu. Bi Tisdale aliona dirisha la nyuma la Buick, lile tabasamu kubwa la Delphine na mtoto wake, na uso ukamkunjuka kwa furaha. Alidhani anawatangazia. Akainua dole gumba, akampiga picha kwa simu, akapunga mkono mpaka gari likapotea.

Delphine hakupunga. Mikono yake ilikuwa juu ya usukani, na mkasi ulikuwa bado kwenye kiganja chake cha kulia.

"Mama," alisema Jakayla nyuma, "leo mvua haiji."

"Haiji," alisema Delphine. Akauweka mkasi juu ya dashibodi, akaingia barabara kuu. Hospitali ilikuwa upande wa kulia. Alikata kushoto, kwenda kumwomba meneja wa kiwanda zamu za katikati ya wiki.